Kiungo Kilichotangulia

Shabbar Jafferji angeweza kukutajia kila kipuri cha baiskeli huku amefumba macho, kuanzia gololi mpaka mnyororo. Lakini umwambie ataje titi la mkewe mbele ya mama yake, ulimi ungemganda. Ndivyo alivyolelewa, na aliyemlea hivyo ni mama huyohuyo, Kulsum, kwa hiyo tusimbebeshe lawama peke yake.

Alasiri ile alirudi kutoka hospitali na ndoo ndogo nyeupe ya plastiki, kifuniko chake kimezungushiwa plasta. Akapanda nayo ngazi mpaka nyumbani kwao, juu ya duka lao la vipuri vya baiskeli, akaiweka sakafuni kwenye stoo ya nyuma ya jiko, pale yanapokaa magunia ya mchele. Kulsum alikuwa barazani anachambua dengu. Akamuuliza hali ya mkewe. Shabbar akasema upasuaji umekwisha salama, Insiya ameamka na ameomba maji. Ndipo Kulsum alipouliza habari ya ndoo.

"Ni kile cha Insiya," Shabbar alisema, macho yake kwenye dengu. "Kile walichokitoa."

Mama hakuuliza zaidi, na mwana hakuongeza neno. Akaoga, akabadili shati, akachukua chupa ya chai na kurudi hospitali kumwuguza mkewe. Watu husema kuuliza si ujinga. Ni kweli, lakini katika nyumba ya Jafferji, mama kumdadisi mwanawe habari za kifua cha mkaza mwana kulikuwa utovu wa adabu, na adabu ndiyo kitu pekee ambacho nyumba ile haikuwahi kuishiwa.

Sasa inafaa ujue Kulsum alikuwa nani. Tangu alipofiwa na mumewe, mzee Jafferji, yeye ndiye aliyekuwa muosha wa maiti za kike katika jumuiya yao pale Tanga. Matajiri wa nyumba za Raskazone na wajane wasio na kitu, wote walipita mikononi mwake, na wote aliwaosha kwa maji ya vuguvugu yaleyale na upole uleule. Haki za mwili alizijua kuliko alivyoijua njia ya kwenda stendi. Na mojawapo ya haki hizo ni kwamba kiungo kikikatwa kwa mtu aliye hai, hakitupwi jalalani kama taka. Kinafungwa kitambaa safi, kinazikwa. Alishawahi kuzika vidole vya fundi seremala aliyekatwa na msumeno. Alishawahi kuusindikiza makaburini mguu wa mzee mmoja wa kisukari, kwa kuwa watoto wa mzee huyo waliona kinyaa. Kwa hiyo alipokwenda stoo kuitazama ile ndoo, hakuona kitu cha hospitali. Aliona sehemu ya Insiya imeachwa sakafuni karibu na mchele, inamngoja mtu mwenye akili.

Akavaa glovu zake za kazi, akabandua plasta. Harufu ya dawa ilimpanda puani ikamtoa machozi. Alidhani ni dawa ya kuzuia uvundo, basi. Akaimwaga yote chooni. Kisha akaiosha ile nyama kwa maji safi, taratibu, akarudia na kurudia mpaka harufu ikafifia. Titi lile lilimnyonyesha mjukuu wake wa pekee, ambaye sasa ameolewa Mombasa, na ni yeye Kulsum aliyemfundisha Insiya namna ya kumpakata mtoto ili asimwumize. Alilia peke yake pale chooni. Halafu akaifunga nyama kwa bafta nyeupe, akampigia simu Idarusi.

Idarusi ndiye aliyekuwa mchimba makaburi wa jumuiya. Alikuja makaburini kwa baiskeli kutoka Mabawa, jembe limefungwa nyuma, akamwamkia Bi Kulsum na kuonyeshwa mahali, ubavuni mwa kaburi la mzee Jafferji. Kabla ya adhana ya magharibi kazi ilikuwa imekwisha. Kulsum akarudi nyumbani, akaisugua ndoo kwa sabuni, akaifudikiza uani ikauke. Alijisikia mwepesi. Mwanawe mpole, asiyeweza kuchinja hata kuku, alikuwa ameondolewa mzigo ambao asingeuweza.

Usiku ule Insiya alitokwa damu kwenye kidonda, wakamrudisha chumba cha upasuaji. Shabbar akabaki hospitali siku iliyofuata nzima na usiku wake, hali mvua za masika zinanyesha bila kupumua. Alikumbuka ndoo, lakini daktari alikuwa amemwambia kwamba ndani ya ile dawa nyama inaweza kukaa siku kadhaa bila kuharibika, basi hakuwa na wasiwasi. Alirudi nyumbani alfajiri ya pili kuichukua awahi basi la Dar es Salaam. Akaingia stoo. Akatoka. Akachungulia uani, akaiona ndoo imefudikizwa, safi kabisa.

Kulsum akamwambia asihangaike, yeye ameshamaliza kila kitu kama inavyotakiwa, na haki ya Insiya iko karibu na baba.

Shabbar alikaa juu ya gunia la mchele. Kulsum akafikiri ni huzuni, akataka kumshika bega. Ndipo mwanawe alipolitaja lile jina kwa mara ya kwanza maishani mwake mbele ya mama yake.

"Mama," alisema, "lile titi lilikuwa linakwenda Dar kupimwa. Bila kipimo hicho hawajui wampe dawa gani."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo wao wenyewe walikuwa wakiitumia kuwasema majirani.

Shabbar akampigia daktari. Dokta Praxeda, mwanamke wa Lushoto aliyemfanyia Insiya upasuaji, alimtaka aieleze habari ile mara mbili. Kisha akasema kama kinaweza kupatikana, kiletwe sasa hivi, kisioshwe tena, na yeye atakuwa anangoja na dawa mpya.

Kulsum hakumuuliza shehe. Shehe pengine angemruhusu, lakini angefungua vitabu kwanza, na vitabu vina kurasa nyingi. Mwaka mmoja yeye mwenyewe alisimama makaburini na kuwazuia ndugu waliotaka kufukua kaburi kwa ajili ya pete ya dhahabu iliyosahauliwa kidoleni. Aliwaambia wamwogope Mungu. Asubuhi ile walikwenda makaburini, yeye na Shabbar, na mwamvuli na ndoo ileile, wakamkuta Idarusi amejikinga chini ya bati la kibanda cha jeneza.

Idarusi akamwambia kwa heshima kwamba tangu aianze kazi hii hajawahi kukitoa alichokiweka. Kulsum akamjibu kwamba leo atakitoa, na dhambi yake iandikwe kwake yeye Kulsum. Jembe likaingia. Udongo ulikuwa umekuwa uji. Bafta ilipotokea haikuwa nyeupe tena, na siafu walikuwa wamekwisha kuiona njia. Idarusi aligeuza uso. Kulsum alipiga magoti kwenye tope, akaanza kuwatoa siafu mmoja mmoja kwa vidole vyake bila glovu, wanamng'ata naye hasikii, mpaka Shabbar alipomwinua na kumwambia inatosha, mama, twende.

Ofisini kwa Dokta Praxeda, Kulsum alikaa na tope lake mpaka magotini. Daktari akasema shikamoo, Kulsum akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Daktari hakumgombeza, na Kulsum alitamani agombezwe. Alisema kosa ni lake pia, maana alimweleza Shabbar peke yake, naye Shabbar alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. Kisha akamweleza mama mtu yale aliyostahili kuelezwa tangu mwanzo.

Alisema watu wanadhani saratani ya titi ni ugonjwa mmoja. Si mmoja. Kuna inayokula homoni za kike, na hiyo unainyima chakula kwa kidonge cha kila siku. Kuna yenye protini fulani iliyojaa juu ya chembe zake, na hiyo ina dripu yake maalumu inayoilenga yenyewe tu. Kuna isiyo na alama hata moja kati ya hizo, na hiyo ni ya kupigwa kwa kemo kali bila kuchelewa. Kwa macho zote zinafanana. Zinatofautishwa maabara kwa kupima alama hizo kwenye nyama yenyewe, ndipo kila mgonjwa apewe dawa yake na si ya jirani yake. Ile sindano nyembamba aliyochomwa Insiya mwanzoni ilitoa chembe chache tu. Ilisema kwamba mwizi yumo ndani ya nyumba. Haikusema anaingilia mlango upi.

"Na nyama ikioza?" Kulsum aliuliza.

"Alama zinafutika, mama. Nitaipeleka. Lakini nisikutie moyo wa uongo."

Shabbar alitaka Insiya asiambiwe. Alisema ana kidonda, ana homa, mwache apone kwanza. Kulsum akakataa. Alisema kunyamaza ndiko kulikowafikisha hapa, na kama kuna mtu wa kusema ni yule aliyeshika bafta. Akangoja Insiya arudi nyumbani, akamkalisha kwenye kiti cha ukili, akawa anamchana nywele kwa sababu mkono wa upande ule ulikuwa haunyanyuki. Akamwambia yote huku yuko nyuma yake. Kumtazama usoni hakuweza.

Insiya alikuwa mwanamke wa mzaha tangu aingie nyumba ile akiwa bi harusi, mzaha ambao ulimtia Kulsum hasira kwa miaka mingi na baadaye ukawa ndio unaomchekesha. Akauliza, "Ulinizika karibu na nani?"

"Karibu na baba yako mkwe."

"Maskini mimi," Insiya alisema. "Baba mkwe hakuwahi hata kuniona nywele."

Akacheka mpaka kidonda kikamuuma, akakishika. Kulsum naye akacheka, Mungu amsamehe. Halafu Insiya akaanza kulia, kilio cha chinichini cha mtu asiyetaka majirani wasikie, na chanuo likabaki limenasa nywelini. Hakusema amesamehe. Kulsum naye hakuomba, maana aliona kuomba msamaha wakati ule ni kumtwisha mgonjwa kazi nyingine.

Majibu kutoka Dar yalikuja baada ya wiki kadhaa. Dokta Praxeda aliwaita wote watatu. Alisema saratani imeonekana, hilo halina shaka, lakini alama hazisomeki. Shabbar akadakia, kwa hiyo hazipo. Daktari akamsahihisha bila ukali kwamba kutokusomeka si kutokuwepo, na kwamba mtu akichanganya mambo hayo mawili ndipo anapoua. Hata tezi za kwapani, zilizokatwa pamoja na titi na ambazo zingeweza kupimwa badala yake, zilikuwa ndani ya ndoo ileile, nazo zimeharibika vilevile.

Ile dripu maalumu, daktari alisema, hawezi kumpa. Ni dawa ya kuchosha moyo, haitolewi kwa kudhania, na hospitali yoyote itadai kwanza ushahidi wa kipimo. Atampa kemo, kisha vidonge vya homoni, kwa matumaini kwamba kimojawapo kitaupata ugonjwa.

"Kwa hiyo utabahatisha," alisema Insiya.

"Nitabahatisha," alisema daktari. "Nitabahatisha kwa akili yangu yote, lakini jina lake ndilo hilo."

Shabbar akauliza kama hakuna kipande kingine popote mwilini, hata kidogo, cha kupima. Dokta Praxeda alilifunga faili. Alisema ametoa yote aliyoyaona, na hilo lenyewe ni jambo jema la kushukuriwa. Kisha akaongeza, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha swali bila jibu, kwamba ugonjwa ukirudi watakata kipande hicho kipya na kukipima.

Kulsum alitoka na sentensi hiyo. Wengine waliisikia ikapita. Kwake iliingia ikakaa.

Kemo alikuwa anachomwa Moshi. Walikwenda kwa gari la Shabbar, na wakati wa kurudi gari lilisimama Mombo, likasimama Korogwe, likasimama Muheza, na kila liliposimama Insiya alifungua mlango akatapika kando ya barabara hali Kulsum amemshika paji la uso. Wauza machungwa wa Muheza waliwazoea wakaacha kuwasogelea dirishani. Nywele alizokuwa anamchana zilimtoka Insiya mafungu mafungu, Kulsum akazikusanya. Alijua haki ya nywele pia, lakini safari hii alimwuliza Insiya kwanza afanye nazo nini. Insiya akasema afanye apendavyo, hazina cha kupimwa.

Kutapika kwenyewe hakukumwumiza Kulsum kama kutokujua. Angejua kwamba hiyo ndiyo dawa ya Insiya, angemshikilia kwa moyo mmoja, angemwambia vumilia mwanangu, inafanya kazi. Lakini hakujua. Huenda walikuwa wanamtibu, na huenda walikuwa wanamtesa bure huku mwizi anapita mlango mwingine. Hakuna aliyejua, Moshi wala Dar, na hakuna ambaye angejua, kwa sababu yeye Kulsum binti Alibhai aliwahi kuona ndoo stoo na kudhani ameelewa.

Aliacha kuosha maiti. Walipokuja kumwita kwa bibi mmoja aliyefariki, aliwaambia mikono imezeeka, watafute mwingine. Wakamtafuta mwingine. Jumuiya ilijua sababu na haikuisema, kama kawaida ya jumuiya.

Kemo ikaisha, vikaanza vidonge. Nywele za Insiya zikaota, fupi na zenye mvi. Akarudi dukani kukaa kwenye kiti cha kaunta na kuwatania wateja, akiwauliza vijana kama wanataka breki au wanataka kufika haraka ahera. Shabbar akaanza kupiga mluzi tena. Ukiwaona kwa nje ungesema nyumba imepona.

Kulsum alikuwa anaswali. Kila baada ya sala aliomba ugonjwa usirudi, aliomba kwa machozi ya kweli. Lakini nyuma ya dua hiyo kulikuwa na kitu kingine kilichokaa kimya kama mgeni asiyekaribishwa, na Kulsum alikijua kipo. Hakukipa neno. Aliogopa kwamba akikipa neno, Mola atasikia na hilo.

Ilikuwa asubuhi ya mvua za vuli za mwaka uliofuata, Shabbar yuko chini anafungua duka. Insiya alimwita kutoka bafuni. Hakumwita mumewe, alimwita mama mkwe. Kulsum akamkuta amesimama mbele ya kioo, gauni limefunguliwa begani. Insiya alimshika Kulsum mkono, akakiweka kidole chake juu ya kovu, karibu na mfupa wa mtulinga.

Palikuwa na kitu kigumu, kama punje ya mahindi chini ya ngozi. Hakikusogea.

"Alhamdulillahi," Kulsum alisema. "Sasa watapima."

Alijisikia akiyasema. Alisikia na wepesi wa sauti yake, kama mtu aliyeambiwa mgeni wake amefika salama, na ilimchukua pumzi moja nzima kuelewa alichokishukuru. Mkono wake ulikuwa bado juu ya ule uvimbe. Insiya alikuwa anamtazama kwenye kioo.

"Umefurahi, mama," alisema.

Hakuuliza. Kulsum alitafuta la kukana nalo. Angeweza kusema ni mshtuko, angeweza kusema ulimi umeteleza, na Insiya angemkubalia, maana alikuwa amechoka na alikuwa mtu mwema. Lakini walikuwa wamekwisha kuona katika nyumba ile kazi ya maneno yaliyofichwa.

"Nimefurahi, mwanangu," alisema, akakaa kwenye kigoda cha kuogea na kulia kama hajawahi kufiwa kabla ya siku hiyo.

Insiya alisimama pale kidogo. Kisha akafunga vifungo vya gauni lake, akajitanda mtandio, akamwambia amwite Shabbar, atoe gari.